Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: tiketi za watu zinanijia mimi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Kikwajuni, Unguja. Kuna mama mmoja nisiyemjua kwa sura wala kwa sauti, nami najua anarudi nyumbani siku gani, najua hatumii sukari, hawezi kutembea masafa marefu, na paspoti yake inakwisha mwezi gani. Jina lake sitaliandika, wala alikokwenda. Nikiyaandika nitakuwa nimefanya lile lile ninalolishitakia.

Ilikuwa usiku, inakaribia saa tano. Simu ikatoa mlio: barua pepe kutoka shirika la ndege, "Safari yako imethibitishwa." Miye sina safari. Mara ya mwisho kutoka kisiwani nilipanda boti pale Malindi kwenda Dar, kumzika shemeji. Nikadhani ni matapeli, nikataka kuifuta. Kisha nikaona majina matatu ya mwanamke kwa herufi kubwa, majina ya kwetu kabisa, na chini yake: kiti cha magurudumu kutoka kaunta hadi mlango wa ndege, chakula cha mgonjwa wa kisukari, mizigo kilo 30. Palikuwa na kitufe cha kusimamia safari. Nitasema kweli, nilikibonyeza. Nilitaka kumjua mwenyewe ili nimrejeshee kilicho chake. Ukurasa ukafunguka bila ya mimi kuulizwa hata jina. Ndani yake mlikuwa na namba ya paspoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mwanawe, na mwisho kabisa, kwa rangi nyekundu, neno "Ghairi".

Kidole kimoja tu, Mheshimiwa. Mtu wa fitina angekiweka pale, na mama wa watu angefika uwanja wa ndege na mabegi yake akaambiwa hayumo.

Sababu yake nilikuja kuijua baadaye, na ni ndogo mpaka inatia uchungu. Anwani yangu ya Gmail ni jina langu na la baba yangu, basi. Niliifungua mwaka 2007, wakati wenzangu wengi hapa walikuwa hawajaona haja ya kitu hicho, ndiyo maana nimeipata tupu bila ya namba. Mtoto wa yule mama ana jina kama langu, na babake ana jina kama la babangu, na anwani yake ni kama yangu pamoja na tarakimu mbili mwishoni. Aliitaja kwa mdomo dukani kwa wakala wa tiketi, wakala akaandika majina, tarakimu akazisahau. Hapakuwa na mdukuzi wala virusi. Na hapa kwetu ajali kama hii haina budi kutokea: simama Darajani asubuhi uite "Khamis Juma!" uone watakaogeuka ni wangapi. Wengine hata hawakosei tarakimu, wanaamini tu kwamba nukta katikati ya majina inawatenganisha na mimi. Gmail haihesabu nukta. Ukiiweka, usiiweke, barua inakuja kwangu.

Kwa hiyo hii si ya kwanza. Imeshanijia ya mwanafunzi anayekwenda masomoni Uturuki. Imenijia ya bwana mmoja aliyekata tiketi mbili za Pemba kwa siku mbili, na sidhani kama hiyo tiketi ya pili mkewe anaijua. Hizo nilizifuta na kunyamaza. Ya huyu mama nilishindwa, kwa sababu ya kile kiti cha magurudumu.

Asubuhi nikaijibu ile barua. Ikarudi: anwani hiyo haipokei majibu. Nikatafuta namba ya huduma kwa wateja, nikapiga, nikasikilizishwa muziki, salio likaliwa. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniomba namba ya safari, nikampa. Akaniomba jina kamili la msafiri na tarehe ya kuzaliwa "kwa ajili ya usalama". Nikamwambia, mwanangu, mimi siye msafiri, nimeletewa barua yake kwa makosa, nataka muifute anwani yangu. Akanijibu kwamba kama siye msafiri hawezi kuzungumza nami habari za safari hiyo, kwani ni siri ya mteja.

Siri ya mteja! Nami nimekaa barazani, siri yote iko mkononi mwangu, mpaka chakula chake. Ningekuwa muongo ningemsomea ile tarehe ya kuzaliwa na angenihudumia kwa furaha. Kwa kuwa nimesema ukweli, nikafungiwa mlango.

Ikabidi nimpigie mwanawe. Naye, haki yake, alinidhania tapeli. "Namba yangu umeipata wapi?" Nikamweleza. "Na safari ya mama umeijulia wapi?" Nikamweleza tena. Akakata simu. Sikumlaumu, katika nchi ambayo kila siku unapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu akikupigia anaijua paspoti ya mama yako utamkaribisha chai? Nikaipiga picha tiketi nikamtumia, nikijua kwamba sasa namba ya paspoti ya mama wa watu imepita pahala pengine tena. Ndipo akanipigia, sauti imebadilika, ananiita kaka.

Siku tano baadaye shirika likaniandikia mimi kwamba ndege imerudishwa nyuma saa tatu, itaondoka alfajiri badala ya asubuhi. Mimi, si mama. Nikawa ndiye ninayempigia mwanawe kumwambia wawahi. Hapa ndipo nilipoona kwamba jambo hili lina ncha mbili: asiyehusika anajua, na anayehusika hajui.

Mheshimiwa, watu wa bara wakati mwengine hutucheka kwa kuficha mambo. Ni kweli tunaficha. Nyumba za Mji Mkongwe zina daka na baraza nje ili mgeni apokewe huko huko, na ua uko ndani kwa watu wa ndani. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi zake, na hilo hatukulizua sisi; katika Suratun Nur, aya ya 27, imeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu kwa wenyewe. Na safari ndiyo zaidi. Mzee wa Kizanzibari hatangazi safari. Utamuona tu hayupo, ukiuliza utaambiwa "katoka kidogo", na akirudi ndipo unaletewa halua na habari. Vijana wanasema ni kuogopa husuda. Iwe husuda, lakini ina hesabu yake. Anayejua umesafiri anajua nyumba iko tupu. Anayeona tiketi ya Chennai au Mumbai ya mtu mzima na kiti cha magurudumu haulizi unakwenda kufanya nini, anajua unakwenda kutibiwa, na jioni itakuwa imefika barazani na ugonjwa umeshapewa jina. Na mwanamke anayerudi kwao kimya kimya kwa sababu ya kipigo, tiketi yake ikiangukia kwa shemeji mwenye jina la kufanana, hilo sitaki hata kulimaliza.

Kuna jambo la majina ambalo naomba wataalamu wako wakae nalo kitako. Mtu akiwa na zile herufi sita za namba ya safari na jina la ukoo, mashirika mengi humfungulia mlango. Sasa sisi wengi wetu hatuna jina la ukoo. Tuna jina letu, la baba na la babu. Fomu ya ndege inapodai la ukoo tunaandika la babu. Kwa hiyo nusu ya ufunguo wa safari ya Mzanzibari ni jina la babu yake, kitu ambacho mtaani anakijua hata muuza urojo. Nusu ya pili ni hizo herufi sita, nazo huchapishwa mpaka kwenye kibandiko cha begi. Disemba 2016 wataalamu wa usalama wa mitandao Karsten Nohl na Nemanja Nikodijević walisimama mkutanoni Hamburg, Ujerumani, wakaonesha udhaifu huu hadharani. Na mwaka 2020 Waziri Mkuu wa zamani wa Australia, Tony Abbott, aliweka Instagram picha ya kadi yake ya kupandia ndege. Kijana mmoja akaisoma ile namba, akaingia nayo kwenye tovuti ya shirika, na katika maandishi yaliyojificha nyuma ya ukurasa akakuta paspoti na simu ya mheshimiwa. Lakini Abbott aliitundika mwenyewe. Huyu mama yetu hakutundika kitu. Yeye aliletewa mlango wake mpaka kwangu, umeshafunguliwa.

Najua kuna makubwa kuliko haya. British Airways walitozwa pauni milioni 20 mwaka 2020 baada ya wezi wa mitandaoni kuchota taarifa za mamia ya maelfu ya wateja, na dunia nzima ikaandika. Barua moja iliyopotea njia haiandikwi popote, ndiyo maana haitengenezwi.

Nitaambiwa kwamba sheria mnayoisimamia ni ya bara. Nimeisoma, Mheshimiwa, kwa miwani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa upande wa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Sawa. Lakini fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 utakuta usafiri wa anga umo katika mambo ya Muungano, umekaa pamoja na bandari, posta na simu. Ndege ni yako, na barua pepe nayo ni yako. Tafadhali usinirushe kwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nao wanirushe kwako. Na Ibara ya 16 ya Katiba hiyo hiyo inayotaja hifadhi ya maisha binafsi na mawasiliano ya mtu haikuacha mtu kwa sababu amezaliwa Wete.

Nitaambiwa pia kwamba kosa ni la wakala. Wakala amekosea kuandika, hilo nakubali, na mawakala wetu nao wana yao: wapo wanaoweka anwani moja ya duka kwa wateja wote, na wapo wanaotupia picha za paspoti za kundi zima la mahujaji kwenye WhatsApp kama picha za harusi. Wakague. Lakini aliyetuma barua kwangu si wakala, ni shirika, na liliituma bila ya kuuliza kama niliyepo huku ndiye. Nikituma shilingi elfu tano kwa simu, huonyeshwa kwanza jina la mpokeaji, ndipo niweke namba ya siri. Kwa elfu tano! Kwa paspoti ya mtu hakuna hata "wewe ni nani".

Ninachokiomba si kigumu. Anwani mpya ipelekewe kwanza barua kavu, isiyo na kitu ndani ila swali: hii ni yako? Ikithibitishwa, ndipo tiketi itoke. Na kitufe cha kusimamia safari kisifunguke mpaka namba ya kuthibitisha ifike kwenye simu ya msafiri.

Ila lile ninalolitaka kuliko yote ni dogo zaidi. Chini ya kila barua ya safari pawe na maneno matatu, kwa Kiswahili: "Hii si yangu." Niyabonyeze, yaishe. Nisiulizwe jina, nisiulizwe tarehe ya kuzaliwa, nisitakiwe kufungua akaunti. Anwani yangu itoke, na mwenyewe apigiwe simu aambiwe ukweli kwamba taarifa zake zilikwenda kwa mtu mwengine, siku gani, na kulikuwa na nini ndani. Marehemu baba alikuwa na sanduku la barua Posta ya Shangani. Ikitokea barua ya sanduku la jirani imeingia kwake, huipeleka kaunta, karani huipokea, husema ahsante, huitia panapostahiki. Hakumwambia hata siku moja, "Mzee, kabla sijaipokea, nithibitishie kwamba wewe ndiye mwenye barua." Huko Ulaya, ambako watalii wetu wengi wanatoka, taarifa ikivuja na kuna hatari kwa mwenyewe, mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa hutakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Mimi nimehesabu yangu: leo ni siku ya kumi na tisa tangu nimpigie yule dada mwenye adabu.

Ile barua ya kwanza sijaifuta, nimeiweka pembeni, endapo watu wako watataka kuiona. Nitaileta mwenyewe kwa mkono, siitumi kwa barua pepe.

Mama bado yuko safarini. Jana shirika limeniandikia tena, linanikumbusha ndege ya kurudi na kuniuliza kama napenda kiti cha dirishani au cha njiani. Nimempigia mwanawe. Anasema mama anataka cha njiani, kwa ajili ya miguu.

Wako,
Mkaazi wa Kikwajuni, Unguja