Tunaosahau tunaambiwa tusisahau kuja

Bwana Mhariri,

Ile ripoti yenu ya watoto wasiotulia darasani imetoka wiki tatu sasa, na tangu siku ile nimeianza barua hii mara nne. Mara ya kwanza niliinuka kutafuta biki, nikakuta uzi, nikaanza kushona. Ndio ugonjwa wenyewe mliouandika. Ila ninyi mmeuandika kama surua: mtoto anaupata, anakua, unaisha, na walimu wanapewa pole. Sisi wa miaka arobaini na mitatu tuko wapi? Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, hata siku ile mlipokiita munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, pombe. Safari hii hapana.

TDAH, kama madaktari wanavyouita kwa kifupi cha Kifaransa ugonjwa huu wa kutotulia na kutoshika mawazo, huanza utotoni, lakini wengi tunazeeka nao. Watafiti wanakadiria kwamba katika watu wazima mia moja, wawili au watatu wanao. Hesabuni watu kanisani kwenu Jumapili ijayo. Sisi wanawake hatuonekani upesi kwa sababu tulipokuwa wadogo hatukupanda juu ya meza. Tulitazama dirishani, tukaitwa wajinga, basi.

Mimi niliujua kupitia mwanangu. Daktari aliniuliza: anaanza kazi na kuiacha njiani? Anapoteza vitu vya shule? Ukimwongelesha ni kama hasikii? Mdomo ulikuwa unamjibia mtoto, moyo unajijibia wenyewe. Daktari akaweka kalamu chini. "Na mama, weye?" Nikalia mbele ya mtoto. Akanieleza kwamba ugonjwa huu unatembea sana katika ukoo, akaniandikia karatasi ya kunituma kwenye kituo kimoja hapa Lubumbashi, ambacho sitakitaja.

Randevu ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi. Nije na karatasi ya daktari, fotokopi ya kadi ya mpiga kura, risiti ya fishi, yaani karatasi ya kumwona daktari, na daftari jipya. Sasa, Bwana Mhariri, mimi kichwa changu kiko ndani ya simu: kengele ya kuamka, kengele ya kutoa sufuria motoni, kengele ya kukumbuka kengele. Usiku ule umeme ukakatwa, kama kawaida ya mtaa wetu wa Katuba, simu ikazima. Nikaamshwa na jua. Karatasi ya daktari niliikuta chini ya mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu, nilikoificha mwenyewe ili isipotee. Nilipofika ilikuwa saa mbili na robo. Mama wa mapokezi hakuniuliza kitu. Alifungua daftari lake kubwa, akalaza rula chini ya jina langu, akachukua biki nyekundu, akavuta mstari taratibu kutoka upande hadi upande, halafu akapuliza wino ukauke. "Mama, weye hauko mugonjwa, uko na buvivu tu." Watu kwenye benchi wakacheka. Nikapewa tarehe nyingine, miezi miwili mbele. Safari ya pili nililala kwa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anayekaa karibu na pale, nikawa mlangoni saa kumi na mbili, wa kwanza kabisa, na karatasi zote ndani ya bahasha. Zote isipokuwa kadi, iliyobaki kwenye taksibasi. Bila kadi hakuna fishi, bila fishi hakuna daktari. Niambieni basi: mtu aliyevunjika mguu mnamwambia apande ngazi hadi juu ndipo apewe gongo? Ugonjwa wa kusahau na kuchelewa, tiba yake inatolewa kwa wale tu wasiosahau na wasiochelewa!

Na hiyo kadi nayo. Kongo nzima kitambulisho chetu ni kadi ya kupigia kura, kana kwamba mtu anazaliwa siku ya uchaguzi. Yangu imepotea mara tatu. Kila mara duplikata, yaani kadi ya badala, ni foleni, ni "rudi kesho", ni karatasi ya kuonyesha kwamba ulipoteza karatasi, na mkono ulionyooshwa chini ya meza. Mara ya mwisho niliulizwa kama nauza kadi zangu kwa wageni. Halafu unarudi nyumbani, shemeji anasema ni mkono wa mtu, twende kwenye maombi. Nilienda. Nilifunga siku tatu. Siku ya nne sikukumbuka nilipoiacha Biblia.

Dawa ipo. Metilfenidati ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944, mama yangu hajazaliwa. Najua ni dawa ya kulindwa, imo katika mkataba wa kimataifa wa 1971, na sitaki iuzwe kama karanga. Lakini nimezunguka farmasi saba: sita hawajawahi kuisikia, ya saba wakaniuzia vitamini. Wengine wananiambia niende Kinshasa. Kwa tiketi ya ndege? Hizo ni nguo za harusi ngapi, na ninazo kumi na moja zilizokatwa bila kushonwa, wenyewe wanapiga simu kila siku.

Sisemi hospitali mpya ijengwe, zahama za kujenga tunazijua. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeupa ugonjwa wetu namba 6A05. Waiandike namba hiyo kwenye daftari la kituo, ili tusiandikwe tena "uvivu". Kisha watupe Alhamisi moja kwa mwezi, saa nane mchana, si alfajiri. Muuguzi mmoja mwenye simu yenye uniti, apige jana yake na apige tena siku yenyewe. Karatasi moja, ibaki hapo hapo kituoni, maana kwetu haitadumu. Saa ya ukutani inayotembea. Atakayechelewa asogezwe mwisho wa foleni, jina lake lisiguswe. Daktari atuulize kwanza, dawa baadaye, na kama dawa hakuna, basi hata kutufundisha kupanga siku ni kitu. Benchi liwekwe mbali na dirisha. Na ile rula nipewe mimi, nina suruali tatu za kukata kabla ya Jumamosi.

Mama Mshonaji,
Katuba, Lubumbashi

N.B. Kadi niliyoiacha kwenye taksibasi imefungwa ndani ya kipande cha kitenge cha buluu chenye samaki. Aliyeiokota aipeleke kwenu gazetini. Nitakuja kuichukua, ila sisemi siku gani.