Turubai la ziada

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Rangi ulizoagiza nimempa kaka yako, atakuletea Jumamosi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini kila ukizungumzia kuchora sura za watu mimi namtaja Charles Willson Peale, yule mchora sura wa Marekani. Alizaliwa Maryland mwaka 1741, akaanza kama fundi wa matandiko ya farasi. Alimchora George Washington kwa mara ya kwanza mwaka 1772, na vita vya uhuru wa Marekani vilipopamba moto naye alishika bunduki. Desemba 1776, jeshi likirudi nyuma, alimwona askari mwenye koti chafu la blanketi, ndevu zimemjaa, uso vidonda vitupu. Kwa kumtupia jicho hakumjua. Kumbe ni James, mdogo wake wa damu! Mchora sura, tena.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Yarrow Mamout, Mwafrika Mwislamu aliyeishi miaka mingi utumwani hadi akapata uhuru wake, akanunua nyumba Georgetown. Peale alimchora mwaka 1819, mwenyewe ana miaka 77. Itazame taratibu: kofia ya kufuma imemkaa vizuri kichwani, na macho kama yanataka kucheka. Peale aliandika kwamba mzee huyo alizoea kupita barabarani akimsifu Mungu kwa sauti.

Sasa linaloniuma. Peale huyohuyo alimiliki watumwa, na Moses Williams alikulia mikononi mwake. Wanawe, akina Raphaelle na Rembrandt, aliwafundisha rangi za mafuta. Moses alipewa mkasi na mashine ya kufuatisha umbo la uso kwa upande, awakatie sura zao wageni wa jumba la makumbusho la Peale kule Philadelphia. Aliachwa huru mwaka 1802, akaendelea kukata maelfu kwa maelfu. Karatasi inakunjwa, mkasi unapita kwenye paji, pua, kidevu, kisha kipande cha katikati kinadondoka. Mkono mtulivu kiasi kile, mwanangu, na brashi hakupewa.

Yule kijana anayekuoshea brashi hapo kibandani, uliniambia anachora kwa mkaa nyuma ya maboksi. Kwenye mzigo utakuta turubai moja ambalo hukuagiza. Ni lake.

Mama yako