Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi: aliyeteleza kazini ameumia kazini

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mwanza. Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara, na wenzangu wamenichagua niwasemee. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linazigusa taasisi mbili zilizo chini ya wizara yako, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na kwa sababu wengi wanaoumia hawajui kama wana haki yoyote ya kudai.

Naomba kwanza uione sakafu yetu. Samaki wanashushwa na barafu yao, barafu inamwagika na kuyeyuka. Wanachunwa ngozi, wanakatwa minofu, mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki) yanatupwa kwenye makreti. Sangara ana mafuta mengi, na mafuta hayo yakichanganyika na maji na magamba, hata buti jipya la mpira halishiki chini. Buti lililokwisha soli, ambalo ndilo kibarua hupewa likiwa limeshavaliwa na wengine, ni hatari zaidi. Mifereji inaziba kwa vipande vya nyama, maji yanatuama. Mpira wa kuoshea umelala njiani. Katikati ya hayo anapita mtu amekumbatia kreti lililojaa hadi kidevuni, haoni anapokanyaga, na nyuma yake kuna sauti inamhimiza aongeze mwendo kwa sababu gari la mzigo linasubiri.

Mkono ukiingia kwenye mashine, kiwanda kizima kinasimama na kila mtu anaita ajali. Mtu akiteleza, anaambiwa pole, inuka, angalia unapokanyaga. Hapo ndipo haki yake inapoanza kupotea.

Kuna dada tuliyekuwa naye zamu ya usiku, mkata minofu hodari. Aliteleza karibu na mlango wa chumba cha baridi, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivimba palepale tukiona. Msimamizi alimpa hela ya bodaboda na ya dawa, akamwelekeza kwamba akifika hospitali aseme ameanguka bafuni kwake. Akasema hivyo. Alikuwa kibarua, na kibarua hupangwa getini kila siku. Alitaka kesho na keshokutwa aitwe tena. Daktari akaandika alichoambiwa. Alipofungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, getini akaambiwa akapone kwanza. Alipopona, kidole gumba na cha shahada havikuweza tena kubana kisu sawasawa, na mkata minofu asiyeshika kisu hana kazi. Hakuna karatasi hata moja duniani inayoonyesha kwamba mama huyu mwenye watoto aliumia akimtumikia mwajiri.

Mheshimiwa, sheria ya kumlinda ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri aliyepewa taarifa ya ajali aifikishe kwa Mfuko ndani ya siku 7. Mfuko unalipia matibabu. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake. Anayebaki na ulemavu wa kudumu ana fidia yake. Mkataba wa mdomo hauondoi haki hizi. Tena mwajiri amekwisha kulipia: kila mwezi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, toka mfukoni mwake, haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Kwa hiyo fedha ya kumtibu yule dada ilikuwepo tayari siku alipoanguka. Alinyimwa kwa sababu tu taarifa haikupelekwa. Linaniuma sana hilo.

Kwa nini waajiri wanaficha? Wengine wanaogopa kwamba taarifa ya ajali italeta mkaguzi. Wengine, naamini kwa dhati, hawajui kabisa kuwa kuteleza ni ajali ya kazini kama nyingine. Neno linalotumika ni moja, “uzembe wake”. Lakini fidia hii haikuwekwa ili mfanyakazi kwanza athibitishe nani alikosea. Ameumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi, basi. Na tukitaka kuongelea uzembe, tuanze na mfereji ulioziba tangu asubuhi.

Ninachokuomba kinawezekana. Waagize wakaguzi wa OSHA waje kazi ikiwa imepamba moto, hasa usiku, bila kutanguliza taarifa. Ukaguzi wa saa nne asubuhi unakuta sakafu imeoshwa na kukaushwa, na buti mpya zimetolewa stoo. Wazungumze na vibarua mbali na ofisi ya meneja.

La pili ni kubwa zaidi kwangu. WCF iweke njia ya mfanyakazi mwenyewe kutoa taarifa kwa simu ya kawaida, hata simu ya tochi, siku hiyohiyo, bila kupitia kwa msimamizi aliyemwambia adanganye. Ukiingoja karatasi ya mwajiri peke yake, utangoja sana. Na kwa wale walioambiwa waseme wameangukia nyumbani, ushahidi wa wenzao wa zamu upokelewe. Tulikuwepo, tuliona, tuko tayari kusema. Ila muda unakimbia, maana madai yanatakiwa yafunguliwe ndani ya miezi 12, na mtu anayehangaika na mkono na kodi ya nyumba anaimaliza hiyo miezi bila kujua.

Kwa aliyeachishwa kazi ni vibaya zaidi. Kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kulalamikia kuachishwa ana siku 30. Hogo pekee huweza kukaa mkononi muda mrefu kuliko hapo.

Halafu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 16, inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Kwetu ubao wa matangazo una ratiba ya zamu na onyo la kuchelewa. Naomba tangazo hilo libandikwe getini, pale vibarua wanaposubiri kuitwa alfajiri, na liwe na mstari unaosema wazi kwamba kuteleza na kuanguka kazini ni ajali ya kazini.

Mwisho, vibarua wanaoletwa na mawakala. Wakiumia, wakala anasema nenda kiwandani, kiwanda kinasema nenda kwa wakala. Toa waraka unaotaja ni nani kati ya hao wawili anapeleka taarifa ndani ya zile siku 7, na aadhibiwe asipopeleka.

Ukipata nafasi ya kuja Mwanza, pita kiwandani saa nane usiku. Tutakutafutia buti, na tutakuomba ubebe kreti moja kutoka meza ya kukatia hadi chumba cha baridi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwakilishi wa wafanyakazi, kiwanda cha samaki, Mwanza