Zuhura, mwanga wa kale haukufika kama ulivyoondoka

Kwako rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na nimefurahi kuona ubishi wako haujapungua. Unasema mnururisho wa mikrowevu ulioenea angani, yaani mwanga wa kale kuliko wote tunaoupokea, ulitoka mapema mno, kabla galaksi hata moja haijazaliwa, kwa hiyo hauna la kutuambia kuhusu mambo ya baadaye. Hapo nakupinga.

Mwanzo wa hoja yako ni sahihi. Ulimwengu ulipofikisha umri wa miaka 380,000 hivi, ulikuwa umepoa kiasi cha elektroni kushikamana na viini vya atomu, na mwanga ukapata njia. Leo unatufikia kutoka kila upande ukiwa na jotoridi la Kelvini 2.725, na tofauti kati ya eneo moja la anga na jingine ni kama sehemu moja ya laki moja. Ila umeiruka safari yenyewe. Mwanga huo umesafiri karibu miaka bilioni 13.8, na muda wote huo maada ilikuwa ikijikusanya: galaksi, makundi ya galaksi, na kati yake maeneo makubwa yaliyo karibu matupu. Umepita humo humo.

Chukua kundi kuu la galaksi lenye upana wa mamia ya mamilioni ya miaka ya mwanga. Mvutano wake ni kama bonde. Mwanga ukishuka unapata nishati, ukipanda upande wa pili unairudisha. (Mwendo wake haubadiliki, usije ukanirukia hapo; kinachobadilika ni urefu wa mawimbi.) Bonde likibaki vilevile, faida na hasara zinafutana, na sisi huku hatutajua kama lilikuwapo. Lakini kulivuka kunachukua mamia ya mamilioni ya miaka. Bonde likipungua kina wakati mwanga ungali ndani, mteremko ulikuwa mrefu kuliko mpando, na mwanga unatoka na joto la ziada. Kwenye maeneo matupu ni kinyume: unatoka umepoa. Wanafizikia Rainer Sachs na Arthur Wolfe waliandika hesabu yake mwaka 1967.

Sasa utaniuliza, na una haki: maada inazidi kujikusanya, bonde linapunguaje kina? Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Katika ulimwengu bapa (yaani ambao anga yake kwa ujumla haijapinda) uliojaa maada tu, kujikusanya kunavuta upande mmoja na kutanuka kwa anga kunavuta upande mwingine, na kwa miundo mikubwa viwili hivi vinalingana sawasawa. Kina hakibadiliki, alama hii ya joto au baridi haipatikani. Ili mabonde yafifie lazima pawe na kitu kinachoongeza kasi ya kutanuka, nacho ni nishati ya giza. Yaani alama hii ikionekana katika ulimwengu bapa, umeishika nishati ya giza ikiwa kazini, bila kutegemea zile nyota zinazolipuka zilizotumika kuigundua mwaka 1998.

Kuiona ndiyo kazi. Imezama chini ya tofauti za joto za tangu mwanzo, ambazo ni kubwa kuliko yenyewe. Mwaka 1996 Robert Crittenden na Neil Turok walipendekeza njia ambayo mimi naiona ya kijanja kweli: usiitafute peke yake, linganisha ramani ya mnururisho na ramani ya galaksi, uone kama penye galaksi nyingi pana joto kidogo zaidi. Mwaka 2004 Stephen Boughn na Crittenden walitangaza kwamba wameuona uhusiano huo katika data za WMAP, setilaiti iliyopima mnururisho huo. Sitakudanganya kwamba ushahidi ni wa kishindo. Alama hii inakaa kwenye mapana makubwa ya anga, na anga tunayo moja tu, kwa hiyo hata vyombo bora kuliko Planck, setilaiti iliyoifuata WMAP, vitagota mahali fulani.

Kuna athari nyingine zinazopimika kwa urahisi zaidi. Mvutano wa miundo hiyo hiyo unapinda njia ya mwanga kwa dakika mbili tatu za nyuzi, chini ya moja ya kumi ya upana wa mwezi tunavyouona, na Planck iliipima vizuri sana. Tena gesi ya moto iliyomo ndani ya makundi ya galaksi hurusha fotoni, yaani chembe za mwanga, kama moja katika mia na kuziongezea nishati; Rashid Sunyaev na Yakov Zeldovich walilieleza hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uzuri wake ni kwamba alama hiyo haififii kwa umbali, ndiyo maana wanaitumia kuwindia makundi yaliyo mbali mno.

Na lile doa baridi unalolishikilia, lile eneo la mnururisho lililopoa kupita kawaida upande wa kundinyota la Eridanus, ambalo unasema limeshaelezwa na eneo tupu lililo mbele yake? Eneo tupu kubwa lilipatikana kweli upande huo, likatangazwa mwaka 2015. Lakini hesabu za kawaida zinalipa uwezo wa kupoza mikrokelvini (sehemu za milioni za Kelvini) 20 hivi tu, na doa lenyewe kwa wastani limepungukiwa na kama 70. Kwa hiyo usinitajie tena kwamba fumbo hilo limekwisha. Sehemu kubwa ya baridi ile huenda ilikuwamo tangu mwanga unaondoka.

Niandikie ukipata nafasi, na ubishi uje nao.

Wasalaam,
Ni mimi rafiki yako,
Idrisa