Katuni ile haikukatwa katikati

Dada yangu,

Hadithi unayowasimulia watu kuhusu mimi inafanana sana na ile Baba aliyokuwa akitusimulia dukani kwake, alikotengeneza televisheni, na ina kosa lilelile. Baba alisema siku Waingereza walipozima televisheni yao kwa ajili ya vita, katuni ya Mickey Mouse ilikatwa katikati, watu wakabaki wanakodolea kioo cheusi, na vita vilipokwisha BBC wakaendelea palepale walipoishia. Wewe nawe unasema siku ya maziko ya Baba nilikukatia simu hujamaliza maneno. Umelisema hilo harusini, mbele ya mashangazi na wageni. Basi na mimi nalijibu hapa, mbele ya watu.

Siku Waingereza walipozima televisheni yao ilikuwa Ijumaa, tarehe 1 Septemba 1939. Alfajiri hiyo Ujerumani ilikuwa imeivamia Poland. Televisheni ya BBC haikuwa hata imetimiza miaka 3, maana ilifunguliwa tarehe 2 Novemba 1936 kwenye jengo lile la kilimani, Alexandra Palace, ambalo sasa unaliona ukiwa kituo cha basi. Picha yake ilikuwa ya mistari 405, na mistari ikizidi ndivyo picha inavyokuwa safi. Baba alipenda kutukumbusha kwamba yetu ya Unguja ni 625, na ya rangi. Seti zilizokuwa majumbani zilikuwa kama 20,000 tu, karibu zote London na kandokando yake, kwa sababu mawimbi hayakufika mbali. Wiki hiyohiyo palikuwa na maonyesho makubwa ya redio pale Olympia, na wauzaji walikuwa wamepanga televisheni zao mpya wakiwashawishi watu wanunue.

Ilipopita saa sita mchana ikaonyeshwa katuni iitwayo Mickey's Gala Premier. Mickey anaota kwamba mastaa wote wa sinema wamekuja kutazama filamu yake, Greta Garbo anamvamia kwa mabusu, kisha anazinduka na kumbe ni mbwa wake Pluto anamlamba uso. Dada, katuni hiyo ilionyeshwa mpaka mwisho. Mickey aliamka. Zikafuata alama za majaribio, zile za mafundi, na saa sita na dakika thelathini na tano mtambo ukazimwa. Vipindi vya mchana vilivyokuwa vimepangwa havikurushwa, na watazamaji hawakuagwa wala kuelezwa kitu. Kumbukumbu za BBC zinaonyesha hivyo. Lakini watu wameshikilia kwamba ilikatwa katikati, kwa sababu anayeachwa bila neno huhisi amekatwa, hata kama mwenzake alimaliza yote aliyotaka kusema.

Na wewe ulimaliza. Nilikuwepo, simu nilikuwa nimeishika mimi.

Baba alikuwa ameshaoshwa. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umeegeshwa, harufu ya kafuri na udi imefika mpaka barazani, ami yetu ameketi kwenye kigoda anahesabu nani atabeba jeneza. Nikaiweka simu sauti ya nje ili wote wasikie. Ukasema, "Msimzike mpaka nifike." Ukasema ndege ni kesho usiku. Ukasema kama Mama angekuwa hai asingekubali. Ukasema sina moyo, ukasema nimeingojea siku hii nipate kuwa mkubwa wa nyumba. Hilo la mwisho lilisikika barabarani, nikaona kijana aliyeleta sanda anainamisha kichwa. Nikakujibu kwamba maiti hacheleweshwi, tunaswali baada ya Alasiri na tunakwenda makaburini Mwanakwerekwe. Ukanyamaza kidogo, nikasikia king'ora cha gari huko kwenu, kisha simu ikakatika upande wako. Upande wako, dada. Ami ni shahidi.

Nakuomba usidhani hasira yangu ni ya maneno yale. Aliyefiwa ana ruhusa ya kusema. Hasira yangu ni ya kimya kilichofuata. Hitma ikapita, arubaini ikapita, idi zikapita, mtoto wangu akazaliwa nikampa jina la Baba, na wewe hukutokeza hata kwa salamu.

Kimya cha wale wa BBC kule London nakielewa. Mtambo wao ulikuwa ukipeleka mawimbi hewani kutoka kilimani, na ilihofiwa kuwa ndege za Ujerumani zingeyafuata mpaka juu ya mji. Mafundi wao nao walihitajika, kwa sababu ujuzi wa televisheni na ujuzi wa rada, mitambo ya kugundua ndege kwa mawimbi, ulikuwa jirani. Mtambo wenyewe haukulala: baadaye katika vita ulitumiwa kuvuruga mawimbi yaliyokuwa yakiwaongoza marubani wa Kijerumani kwenye shabaha zao. Kwa hiyo mtu aliyekuwa amekaa nyumbani na kioo chake cheusi hakujua, lakini kimya kile kilikuwa kinamlinda. Chako kilimlinda nani? Watoto waliokuwa wakiniuliza shangazi yao yuko wapi?

BBC wakarudi hewani tarehe 7 Juni 1946, siku moja kabla ya gwaride la ushindi. Mtangazaji wao wa tangu mwanzo, Jasmine Bligh, akasimama mbele ya kamera, akawasalimu watu, akawauliza hali, kisha akawauliza kama wanamkumbuka. Mchana huohuo wakaonyesha katuni ileile ya Mickey. Nadhani hapo ndipo hadithi ya Baba ilipozaliwa, watu wakaunganisha ncha mbili. Mwezi huohuo ada ya leseni ya televisheni ikaanza, pauni 2 kwa mwaka. Watu wakalipa. Walikuwa wamewakosa.

Na wewe, baada ya miaka yote hiyo, umeniletea picha ya mnara wa Alexandra Palace na sauti yako inacheka kidogo: "Unanikumbuka?" Najua ulikotoa. Najua ulimkusudia Baba, na kwamba ulitaka nimwone pale amesimama na bisibisi yake iliyozungushiwa utepe mweusi kwenye mpini, anapigapiga ubavu wa seti mpaka chenga ziondoke na wewe ndiye unayekimbizwa juu ya bati kugeuza antena. "Hapo! Hapohapo, usiguse!" Nimekusikiliza mara nyingi, na mara zote nimelia. Ila ukumbuke kwamba Jasmine Bligh hakuwa amemtukana mtu kabla mtambo haujazimwa.

Ushauri wangu kwako, na kwa kila aliye mbali anayesoma hapa: usimwachie aliyebaki nyumbani uamuzi wa msiba kisha ukamhukumu kwa kuuamua. Sisi tuliobaki ndio tunaogongewa mlango usiku. Mimi ndiye niliyemnywesha Baba maji kwa kijiko. Mimi ndiye niliyemwendea imamu, niliyemlipa mchimba kaburi, niliyeingia mwanandani kumpokea. Nilikuwa na mchana mmoja wa kuamua, na joto unalijua. Ningefanya vilevile leo, na sitaki kusamehewa kwa jambo ambalo si kosa.

Huenda kweli hukuwa na nauli. Huenda makaratasi yako hayakuwa yamekaa sawa na uliona haya kusema, maana shangazi aliwahi kugusia kitu kama hicho kisha akabadilisha mazungumzo. Kama ni hivyo, kwa nini ulichagua nionekane mimi nimekufungia mlango? Ungeniambia tu. Ningewaambia watu umezuiliwa, na hakuna ambaye angekusema mbele yangu.

Duka la Baba sijaliuza. Meza yake ipo, pasi ya kulehemu ipo, zile tyubu alizozifunga magazeti zipo kwenye rafu ya juu. Kadhi ameshagawa mirathi na fungu lako limeandikwa jina lako. Mpangaji wa mbele analipa kila mwezi na kodi yako naiweka pembeni. Daftari utalikagua mwenyewe.

Shangazi anasema ukija ufikie kwake, ili tusigombane. Mimi nimemwambia utafikia kwangu.

Mdogo wako