Barua ya malalamiko: sarafu bandia na zenye maelezo ya uongo katika minada yenu ya mtandaoni

Wakusanya Sarafu wa Nyanda za Juu Kusini,
Mbeya.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Minada ya Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUUZIWA SARAFU FEKI, KUCHELEWESHEWA MAREJESHO, NA FOMU YENU YA TANGAZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wanunuzi wa sarafu za kale wa Mbeya, Iringa, Njombe na Tukuyu, na wote tunanunua kupitia minada yenu. Kila tukilalamika, dawati lenu la huduma kwa wateja hutujibu kwamba ninyi ni uwanja tu, mnamkutanisha muuzaji na mnunuzi, kwa hiyo mwenye malalamiko amfuate muuzaji. Hatulikubali jibu hilo. Kamisheni mnakata kwenye kila mauzo, na sehemu kubwa ya sarafu tunazozilalamikia zingekamatwa kabla dau la kwanza halijawekwa, kwa mzani wa sonara na kikombe cha maji. Nyingine zingekamatwa kwa kusoma tu mwaka ulioandikwa juu yake.

Tuanze na ile yenye hasara kubwa. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916, sarafu ya enzi ya Mjerumani, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, inatokea kwenye minada yenu mara nyingi kuliko akili inavyoweza kukubali. Zilipigwa 16,198 tu, katika karakana ya reli pale Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Halisi ina uzito wa gramu 7.168 na kipenyo cha milimita 22 na ushee, na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000, yaani karati 18. Tangazo lenu liliandika "dhahabu safi karati 24". Ina maana kwamba hata kama muuzaji angetuma dhahabu ya karati 24 kweli, bado sarafu ingekuwa bandia. Alichotuma ni shaba njano iliyochovywa, gramu 4.1, na kwenye ncha ya mkonga rangi ya dhahabu ilikuwa imeshachubuka.

Hiyo ya gramu 4 ni ya mwizi mvivu. Wapo wanaoongeza unene hadi uzito ufike gramu 7, na hapo mzani peke yake unadanganyika. Dawa yake ni maji, na mabroka wa dhahabu wa Chunya na Makongolosi wanaijua vizuri. Sarafu inapimwa kavu kwanza, kwenye mzani unaosoma hadi gramu 0.01. Kisha kikombe chenye maji kinawekwa juu ya mzani huohuo na mzani unarudishwa sifuri. Sarafu inafungwa kwa uzi mwembamba na kuning'inizwa ndani ya maji izame yote, isiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Rupia 15 halisi husukuma maji gramu 0.46 hivi, na jibu linakuja karibu 15.5. Shaba njano ya uzito uleule husukuma zaidi ya gramu 0.8, na jibu halifiki hata 9. Mapovu yakishika kwenye sarafu yanaharibu kipimo, basi weka tone la sabuni kwenye maji na uyafute kwa kidole. Kwa sarafu ndogo kama hii kosa la gramu 0.01 linayumbisha jibu kidogo, ila haliwezi kuigeuza shaba kuwa dhahabu. Kazi nzima haimalizi dakika tano.

Rupia za fedha ndizo nyingi zaidi. Zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1890, zenye Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma upande mmoja na simba na mnazi upande wa pili, na zile za serikali ya kikoloni zilizofuata kuanzia 1904, zote ni gramu 11.66, fedha ya sehemu 917, kipenyo cha milimita 30 hivi. Kwenye maji husukuma gramu 1.13, jibu ni 10.3. Tulizouziwa ziko za aina mbili. Moja ni nyepesi, gramu 9 na kitu, na hizo hata fundi simu anaweza kuzikataa. Nyingine ina gramu 11.6 safi kabisa, lakini inasukuma maji gramu 1.32, jibu 8.8. Huo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Muuzaji anapiga picha ya sarafu ikiwa juu ya mzani, watu wanaona 11.6, wanapandisha dau.

Kuhusu sumaku, wauzaji wenu wanapenda sana kuandika "haishiki sumaku, imehakikiwa". Sumaku inaweza kuikataa sarafu, lakini haiwezi kuithibitisha. Shaba, nikeli iliyochanganywa na shaba, na risasi, zote hazishiki sumaku sawasawa na fedha. Maneno hayo yaondoeni kwenye orodha yenu ya "vigezo vya uhalisi".

Bandia nyingi za rupia zimemiminwa kwenye kalibu, hazikupigwa kwa muhuri wa chuma. Kwa lenzi ya mkononi ya mara kumi utaona vipele vidogo kwenye uwanda mtupu nyuma ya simba, na herufi zinazoteleza kuingia kwenye uso wa sarafu badala ya kusimama wima. Ubavuni kuna mshono unaokata meno katikati, au sehemu iliyopigwa tupa kuuficha. Sarafu halisi iliyolika hulika sehemu zilizoinuka tu: shavu, kifua cha tai juu ya kofia, mgongo wa simba. Bandia imefifia kila mahali kwa kiasi kilekile, hadi kwenye vibonde ambako kidole cha mtu hakijawahi kufika.

Kuna ushahidi mmoja ambao hamuwezi kuukwepa. Rupia tatu za 1890, kutoka kwa wauzaji wenu watatu wenye majina tofauti, zina mkwaruzo mmoja: mfupi, umelala kidogo kulia, chini ya mguu wa nyuma wa simba, ukiishia kwenye nukta. Mkwaruzo huipata sarafu moja, siku moja, kwa ajali moja. Ukitokea kwenye sarafu tatu, basi zote ni watoto wa kalibu moja, na tuna shaka kubwa kwamba hao wauzaji watatu ni mtu mmoja. Picha za matangazo yote matatu mnazo kwenye mitambo yenu. Zilinganisheni.

Mengine hayahitaji hata lenzi. Rupia 2 zilipigwa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, zikiwa na gramu 23.32. Ninyi mliuza ya 1891. Sarafu ya 1916 yenye alama ya A pia mliuza. A ni kiwanda cha Berlin, wakati za 1916 zilipigwa Tabora na zina T. Na sisi watu wa Nyanda za Juu tulichekeshwa na kuudhiwa kwa pamoja na heller 10 (chenji ya rupia ya Mjerumani) yenye tundu, ya mwaka 1911, iliyotangazwa kuwa "imeokotwa ngomeni kwa Mkwawa Kalenga, ilidondoshwa na askari wa Mjerumani siku ya kuivunja ngome". Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa mwenyewe alifariki 1898, na mfumo wa heller ulianza 1904. Muuzaji alipata bei mara kadhaa ya thamani ya sarafu hiyo kwa sababu ya sentensi moja ya uongo, nanyi mkachukua asilimia yenu kutoka kwenye sentensi hiyohiyo. Ya utapeli wa rupia zenye "nguvu" na zebaki nyekundu hatuyagusi, hayo ni ya polisi.

Upo pia upotoshaji wa sarafu halisi, na huu ndio unaowaumiza wanunuzi wapya. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza, mnaziruhusu kutangazwa kuwa "adimu sana, mfalme asiyevikwa taji". Ni kweli hakuvikwa taji, lakini senti hizo zilipigwa kwa mamilioni na zimejaa kwenye makopo ya vifungo ya bibi zetu. Shilingi za Afrika Mashariki zinauzwa kama "fedha safi", ilhali zile za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Kuzitofautisha hakuhitaji maabara: za George VI zenye fedha zimeandikwa REX ET IND:IMP, za nikeli zimeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX.

Sarafu za uhifadhi wa wanyama za Tanzania za 1974 zina mtego wake. Shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru zilitolewa kwa madaraja mawili: ya kung'aa kama kioo, fedha 925, gramu 28.28 na gramu 35. Na ya kawaida, fedha 500, nyepesi kwa gramu kadhaa. Wauzaji wenu wanaziandika zote 925. Mnunuzi analipia karibu mara mbili ya fedha anayopata. Thala ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, nayo inatangazwa kila wiki kuwa "ya miaka zaidi ya 240" kwa sababu tu imeandikwa 1780, na kila mkusanyaji anajua kwamba mwaka huo umeendelea kupigwa kwenye sarafu hizo hadi zama zetu.

Kwa kuwa huku kwetu rupia zilivaliwa shingoni, nyingi zilitobolewa. Tundu likizibwa kwa risasi na kusuguliwa, picha ya mbele haionyeshi kitu. Ukiigeuza kwenye mwanga wa pembeni unaona duara dogo lenye rangi tofauti, kwa kawaida juu ya kofia ya Kaiser. Sarafu kama hiyo ina haki ya kuuzwa, ila kwa jina lake: iliyotobolewa na kuzibwa. Hali kadhalika zilizosuguliwa kwa dawa ya kung'arishia shaba, ambazo mnaziita "mpya kabisa".

Sarafu zilizofungwa ndani ya vikasha vya plastiki vya NGC au PCGS, kampuni za Marekani zinazohakiki sarafu, haziwapi kinga. Vikasha navyo vinaghushiwa. Namba ya cheti iingizwe kwenye tovuti ya kampuni husika. Ikitoka sarafu nyingine, au picha yao haifanani na sarafu iliyo mbele yako, basi kimeghushiwa. Namba sahihi nayo inaweza kuwa imenakiliwa, kwa hiyo mlinganishe doa kwa doa, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Sasa utaratibu wenu. Mnatoa siku tatu za kulalamika, na mnazihesabu tangu muuzaji anapokabidhi mzigo ofisi ya basi Dar es Salaam. Mzigo wa Mbeya huchukua siku moja au mbili, wa Makete au Ludewa zaidi. Mtu anafungua bahasha muda umeshakwisha au umebaki saa chache, na fomu yenu inamtaka alete "uthibitisho wa mtaalamu". Mtaalamu gani anayepatikana Ludewa kabla ya magharibi? Video ya kipimo cha maji, isiyokatwa katikati, ikionyesha mzani unaanza sifuri, mliikataa mkisema si rasmi. Maneno "karati 24" ya muuzaji yalikuwa rasmi?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani, Sura ya 285, inakataza upotoshaji katika biashara. Tunawakumbusha kwa upole.

Tunachotaka ni hiki. Wanunuzi walioorodheshwa kwenye kiambatisho A warudishiwe fedha zao zote, pamoja na nauli ya mzigo na kamisheni yenu. Akaunti tatu za rupia yenye mkwaruzo zisimamishwe hadi wenye akaunti waonyeshe vitambulisho. Fomu ya tangazo la sarafu isikubali kupita bila uzito hadi gramu 0.01, kipenyo, na picha nne: pande mbili, ubavu, na moja ya mwanga wa pembeni. Kwa sarafu yoyote inayoitwa dhahabu, iongezwe video ya kipimo cha maji. Siku za malalamiko zianze mzigo unapopokelewa kwa sahihi, na ziwe saba. Tangazo likitumia neno "adimu", muuzaji aandike ni adimu kwa sababu gani. Hicho kisanduku kimoja kitapunguza nusu ya kelele.

Sarafu zote zinazolalamikiwa zimehifadhiwa Mbeya, kila moja ndani ya bahasha yake yenye namba ya mnada, uzito mkavu na uzito wa maji. Hatutazirudisha kwa wauzaji kabla ya fedha kurudi, maana iliyorudishwa mara ya mwisho ilipandishwa tena mnadani ndani ya wiki hiyohiyo, kwa picha zilezile. Mkimtuma mtu wenu kuzikagua, aje na mzani wake, maji tutampa.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii.

Wenu katika biashara,

Katibu,
kwa niaba ya Wakusanya Sarafu wa Nyanda za Juu Kusini.

Viambatisho: A, orodha ya wanunuzi na kiasi walicholipa, B, vipimo vya kila sarafu, C, picha za rupia tatu za 1890.

Nakala: Tume ya Ushindani.