Mheshimiwa Waziri wa Afya, tunahitaji mtu mmoja tu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote nakuandikia. Barua zangu mbili za mwanzo kuhusu watoto wasiosikia zilipita ofisini kwako, nikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Hii ya tatu nisingeiandika hadharani kama si niliyoyaona Jumanne iliyopita.

Nilikuwa kliniki ya masikio na mwanangu, tumekwenda kubadilishiwa kile kipande laini cha kifaa chake cha kusikia kinachoingia sikioni, maana mtoto anakua na kila baada ya miezi michache hakimtoshi tena. Akatoka mama kijana, mtoto wa miezi tisa hivi begani, karatasi mkononi. Akaniuliza, "Dada, hapa wameandika nini?" Nikasoma: hasikii, masikio yote mawili, arudi baada ya miezi mitatu. Basi. Mimi, nisiye daktari wala muuguzi, ndiye niliyempa mwanamke yule habari ya mwanawe, kwenye benchi, watu wakipita.

Benchi hilo nalijua. Miaka miwili iliyopita nilikaa hapo na karatasi kama ile, mwanangu akiwa na miaka miwili na nusu. Nyumbani tulikuwa tukiamini anasikia, kwa sababu mlango ukibamizwa alikuwa akigeuka. Kumbe alikuwa anahisi sakafu ikitikisika chini ya nyayo zake. Wakubwa walisema tumwache, hata baba yake alichelewa kusema. Nilipopewa majibu nikaacha kumwimbia. Nikaacha hata kuzungumza naye, wiki kadhaa, nikidhani hakuna faida. Hilo linaniuma kuliko majibu yenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba macho yangu, mikono yangu na uso wangu vilikuwa vinasema naye siku zote.

Chanzo sikijui hadi leo. Alizaliwa na manjano kali, akachomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, siku za mwanzo, na yote mawili yanaweza kudhuru usikivu. Moyo wangu unaniambia ni moja kati ya hayo. Huenda pia ni la kurithi. Sijapata mtu wa kukaa naye anieleze, hivyo nikajilaumu, na ndugu wa mume wakanilaumu.

Mheshimiwa, tarehe 3 Machi mwaka jana, Siku ya Usikivu Duniani, ulisimama ukaahidi kwamba kila mtoto atapimwa usikivu kabla ya kutoka wodini. Tulipiga makofi. Kipimo ni cha dakika chache, mtoto akiwa amelala. Wataalamu wanataka mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, uhakika upatikane kufikia miezi mitatu, msaada uanze kabla ya miezi sita. Wangu alivaa kifaa akikaribia miaka mitatu. Mashine ulizoahidi bado sijaziona, lakini hata zikifika kesho bila kingine, zitaongeza akina mama wenye karatasi mkononi kwenye benchi lile.

Watoto viziwi zaidi ya 9 katika kila 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Hatujui lugha ya alama. Hatujui kwamba kibetri kile kidogo cha kifaa cha kusikia, mtoto akikimeza, ni hatari ya kufa. Hatujui kama mtoto anafaa kupandikiziwa kifaa ndani ya sikio, wala kwamba jambo hilo halingojei umri.

Nilikuwa na maombi mengi, nimeyafuta. Naomba mtu mmoja katika kila kliniki inayotoa majibu haya, na chumba chenye mlango. Amweleze mama, amweleze baba, na bibi akiwepo. Awafundishe alama za mwanzo siku hiyo hiyo. Awapigie simu wiki inayofuata. Kama wataalamu hawatoshi, chukueni mzazi aliyekwisha kupitia haya, au mtu mzima kiziwi, mumfunze na mumlipe. Mtu mmoja, Mheshimiwa.

Yule mama nilimpa namba yangu. Tangu Jumanne amepiga mara nne. Jana usiku aliuliza kama aendelee kumwimbia mwanawe. Nilimwambia aimbe, amweke kifuani, mtoto amtazame usoni. Kesho atapiga tena, na yapo maswali nisiyoyaweza.

Nasubiri jibu lako.

Mama wa mtoto wa miaka minne na nusu